Cherehani Iliyosema "Leta"

Jumatatu moja ya mwaka 1974, wakati sukari ilikuwa imeadimika Kasese hata watu wakaizungumzia kama jamaa aliyesafiri bila kuaga, Eridadi Bwambale aliitwa na mkuu wake wa kazi akiwa bado na muhogo mdomoni. Bwambale alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Alikuwa na koti la kaki, viatu vya kahawia, na cheti cha mafunzo kutoka Kampala alichokitundika sebuleni mahali ambapo hakuna mgeni angeweza kukaa bila kukiona. Alijihesabu kuwa fundi bora kuliko wote kati ya mji ule na mpaka wa Kongo. Haikumsumbua kwamba kati ya mji ule na mpaka wa Kongo hakukuwa na fundi mwingine.

"Ile cherehani ya Bwera imeharibu tena," alisema mkuu wake, Bwana Byamukama, bila kuinua macho.

Cherehani hiyo ilikuwa ikifanya kazi ya teleprinta tangu mvua za mwaka uliopita. Wanajeshi walikuwa wamefika katika ofisi ndogo ya Bwera wakamchukua mwendeshaji wa mtambo, Gidioni Masereka, na mtambo wenyewe wakaubeba, wakisema wote wawili wanakwenda kuhojiwa. Zilibaki nyaya zinaning'inia ukutani. Mke wa Gidioni, Eseri, ambaye alikuwa fundi wa nguo kwenye baraza ya ofisi hiyo hiyo, alizifunga nyaya kwenye gurudumu la cherehani yake ili wateja wasijikwae. Kesho yake asubuhi kanyagio likaanza kwenda lenyewe, sindano ikashuka, na cherehani ikashona kwa uzi mwekundu, kwa herufi kubwa, telegramu ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Eseri alikata kitambaa, akakikunja, akampelekea mwenyewe. Ofisini Kasese hawakuona tofauti yoyote, ila tahajia ilikuwa imekuwa nzuri.

Tatizo lilikuwa kwenye nyaya mbili. Kati ya Kasese na Bwera kulikuwa na nyaya tatu. Wa kwanza ulibeba maneno. Wa pili ulisema "Nipo." Wa tatu ulisema "Leta." Mtambo uliofunzwa vizuri husema "Nipo" unapokuwa umewashwa, na husema "Leta" pale tu unapokuwa na karatasi na wino, na kabla ya kutuma neno lake, husubiri wa upande wa pili naye aseme "Leta." Cherehani ilikuwa imeiga teleprinta kwa kila jambo, hata kengele ya mwisho wa mstari, ambayo iliipiga kwa kugonganisha mkasi uliotundikwa shingoni mwake. Lakini nyaya hizo mbili haikuzielewa. Ilisema "Nipo, leta, nipo, leta" kutwa, kama mtu anayeitikia ndiyo kwa lugha asiyoijua.

Kwa hiyo uzi ulipoisha, iliendelea kushona. Wiki iliyopita amri ya kambi ya jeshi kwa walinzi wa mpakani ilifika Bwera ikiwa ni matundu matupu kwenye kitambaa cha marekani. Walinzi walituma shukrani. Walikuwa wakikitumia kuchujia tonto, pombe yao ya ndizi.

"Afande Oryem amekasirika," alisema Byamukama. "Amesema ikitokea tena, fundi aende kambini kutoa maelezo."

Mwaka ule waliokwenda kambini kutoa maelezo walikuwa wengi, na maelezo yao yalikuwa marefu, kwa maana hawakuwa wakirudi. Bwambale alimeza muhogo.

"Fundi ni nani?" aliuliza.

Byamukama akamtazama.

"Ni mimi," Bwambale akajijibu.

Alisafiri hadi njia panda ya Katwe, akadandia lori la chumvi kutoka Kabatoro, akakaa juu ya magunia huku ameshika chuma chake cha kulehemu wima kama askofu na fimbo yake. Abiria wengine hawakumpigia magoti. Njia nzima, chini ya nguzo za simu, nyuzi nyekundu zilikuwa zimenasa kwenye miiba: yalikuwa maneno ambayo cherehani ilikuwa imeyatuma bila kuuliza kama kuna wa kuyapokea, yakaanguka. Mbuzi waliyala. Dereva alisema mbuzi wa sehemu ile wamenenepa.

Bwera alimkuta Eseri akipinda shingo ya gauni, mwanamke mwembamba mwenye pini mdomoni.

"Karibu, bwana fundi," alisema akizitoa pini. "Ni hii hapa. Iko natumika vizuri, ila haijui kukataa."

"Nitaifundisha," alisema Bwambale, kwa sauti aliyoitumia kila alipokuwa hajui ataanzia wapi.

Alifungua sanduku la vifaa, akavaa miwani ambayo haikuwa na nguvu yoyote lakini ilimpendeza, akainama nyuma ya cherehani. Kitu cha kwanza wanachofundishwa mafundi wote Kampala ni kuchomoa waya wa maneno kabla ya kugusa chochote. Bwambale alikuwa amepata alama nzuri katika somo hilo. Hakuuchomoa. Alipogeuka kutafuta bisibisi, mgongo wake ukapita chini ya sindano, na papo hapo ikaingia telegramu kutoka Fort Portal. Alihisi kama kuku mwenye haraka anamdonoa. Kengele ya mkasi ilipolia, mgongoni mwa koti lake la kaki palikuwa pameandikwa: BABU AMEFARIKI NJOO NA SUFURIA KUBWA.

Mwenye telegramu alikuwa anakaa ng'ambo ya soko, na telegramu ni lazima imfikie mwenyewe siku ile ile. Bwambale alikwenda. Njiani watu walimsoma, wakampa pole. Mwanzoni alijaribu kuwaeleza, lakini maelezo yalikuwa marefu kuliko pole, kwa hiyo akaanza kuitikia "asante, tumeshapoa." Mama mmoja alimpa mkungu mdogo wa ndizi za kupeleka msibani. Aliona kukataa ni utovu wa adabu, akala mbili. Alipofika kwa mwenye babu aligeuka, akasimama wima. Mtu yule akasoma, akalia, akamshukuru, kisha akaomba abaki hivyo hivyo kidogo ili mkewe naye asome habari ya sufuria.

Aliporudi alichomoa waya wa maneno.

Baada ya hapo, ni haki kusema, alifanya kazi vizuri. Pale uzi unapopita kabla ya kuingia sindanoni aliweka ulimi mwembamba wa shaba ukiegemea uzi. Uzi ukiwepo, ulimi umeinuka, na waya wa tatu unasema "Leta." Uzi ukiisha au kukatika, ulimi unaanguka, na waya unanyamaza. Waya wa pili aliufunga kwenye mguu unaokandamiza kitambaa: mguu ukishushwa, cherehani ipo, ukiinuliwa, haipo, hata kama watu wote wanaiona. Kisha akachukua breki ya baiskeli kuukuu akaifunga kwenye gurudumu, ili cherehani isiweze kutuma neno lake mpaka "Leta" ya upande wa pili iilegeze. Juu ya meza alipigilia taa mbili ndogo, ya kijani ya kuonyesha "Nipo" ya huko mbali, ya manjano ya kuonyesha "Leta" ya huko huko.

Aliporudisha waya wa maneno, cherehani ilielewa mara moja. Eseri alipokata uzi, ilisimama katikati ya neno, ikangoja. Alipotunga uzi mwingine, ikamalizia. Bwambale alijisikia vizuri sana hata akavua miwani.

"Sasa naomba nitume yangu," alisema Eseri.

Kila siku ya soko alikuwa akituma telegramu moja ile ile kwenye mtambo wa kambini. Alikuwa akiishona mwenyewe, na cherehani ilikuwa ikiipeleka kwenye waya kisha ikifunga fundo, ishara kwamba imekwenda. Majibu hayakuwa yamewahi kuja. Alitandika kitambaa, akashusha mguu: GIDIONI MASEREKA WA BWERA YUKO WAPI.

Gurudumu halikuzunguka. Breki ilikuwa imekaza. Taa ya manjano ilikuwa imezimika kabisa. Lakini ile ya kijani iliwaka, mara mbili, ikapumzika, ikawaka mara moja tena.

"Nimeunganisha vibaya," alisema Bwambale.

Alifungua kila kitu akafunga upya. Mchana ukaisha. Taa ya kijani iliwaka mara mbili, ikapumzika, ikawaka mara moja. Alibadilisha balbu. Alibadilisha nyaya. Alibadilisha hata upande aliokuwa amekaa. Mwishowe alikwenda kwenye simu ya kuzungusha mkono iliyobaki ukutani, akampigia mkuu wake.

"Mtambo wa kambini una matatizo gani?" aliuliza. "Unasema upo lakini hautaki kupokea."

"Mtambo upi?" Sauti ya Byamukama ilifika kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Ule walioutoa huko uliko? Uko stoo chini ya magunia. Tangu siku ile hakuna aliyeuunganisha na waya wowote. Amri zao wanaleta hapa kwa mkono."

"Na maswali ya huyu mama yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Yalikuwa yanatumwa."

"Kwa nani?"

"Bwambale," alisema Byamukama kwa upole, "yalikuwa yanatumwa." Akakata simu.

Eseri alikuwa ameweka kidevu mkononi, anaitazama taa ya kijani kama mtu anayetazama sufuria iliyokaribia kuchemka.

"Ni yeye," alisema. "Gidioni alikuwa anaamsha mutambo vile kila asubuhi. Anabonyeza mbili, anangoja kidogo, anabonyeza tena. Nilikuwa namwambia ataharibu swichi."

Bwambale hakuona sababu ya kubisha. Kila mwendeshaji ana mkono wake, na mkono wa mtu haufanani na wa mwingine. Hilo nalo lilikuwa kwenye mafunzo.

"Basi eko," alisema Eseri.

"Yupo," alisema Bwambale. Alitafuta neno la kumfariji, akapata la kiufundi. "Waya wa pili ukiwa hai na wa tatu umekufa, maana yake ni kwamba yule wa upande wa pili..."

"Nimesikia maana yake."

Barabarani ng'ombe walipitishwa kwenda mtoni. Bwambale hakuweza kuvumilia kuuona uso ule, kwa hiyo akafanya alichozoea kufanya, akashika koleo.

"Mama, naweza kuufunga huu na huu," alisema, akishika ncha za waya wa pili na wa tatu. "Ule unaosema 'Nipo' utasema na 'Leta' papo hapo. Taa zote mbili zitawaka. Breki italegea, utatuma, fundo litafungwa kama zamani. Ni kazi ya dakika moja."

"Na yeye atapata?"

"Hapana."

"Basi acha."

Aliziacha. Alishangaa jinsi koleo lilivyokuwa zito kulirudisha sandukuni.

Siku iliyofuata alitakiwa kuionyesha kazi yake kambini. Katika lori la kurudi alitunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye neno "afande" mwanzoni na neno "haki" katikati, na kila lori liliporuka shimo aliongeza ujasiri kidogo. Walipofika Kikorongo alikuwa shujaa. Walipofika Kasese neno "haki" lilikuwa limebadilika kuwa "huruma." Kwenye lango la kambi ilikuwa imebaki "afande."

Afande Oryem alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya chini na meza safi. Mwanamke wa kambini alikuwa akimmiminia chai ya rangi.

"Wewe ndiyo fundi?"

"Ndiyo, afande."

"Onyesha."

Bwambale aliweka mezani kisanduku chake cha kupimia chenye taa mbili, akakiunganisha na waya wa ukutani. Huko Bwera, kwa saa waliyopatana, Eseri alikata uzi: taa ya manjano ikazimika. Akautunga: ikawaka. Afande alitikisa kichwa. Alipenda kitu kinachosimama kinapotakiwa kusimama.

"Muzuri. Sasa hakuna mutu nachuja pombe na amri yangu."

Hapo taa ya kijani ikaanza. Mbili, kimya, moja.

"Hiyo nini?"

"Hiyo inasema 'Nipo,' afande."

"Nani iko?"

Jibu la busara lilikuwa "cherehani." Bwambale alilijua, alilitamani, alifungua kinywa ili alitoe. Alijisikia akisema, "Gidioni Masereka, afande," na akatamani angekuwa amejifungia ile breki ya baiskeli mdomoni.

Afande Oryem hakukasirika. Hakushangaa pia. Alivua kofia yake, akaiweka polepole juu ya kisanduku, akaisawazisha.

"Hapa hakuna mutu ya jina hiyo," alisema.

Mwanga wa kijani ulitokeza chini ya ukingo wa kofia. Mbili, kimya, moja. Wote watatu walitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Kazi nzuri, fundi. Sanduku naacha hapa. Toka."

Bwambale alitoka. Mpaka langoni alitembea kwa hadhi inayomstahili mtu mwenye cheti. Baada ya lango alitembea kwa namna nyingine, na kiatu kimoja cha kahawia kilichomvuka njiani hakurudi kukichukua mpaka kesho yake. Ofisini Byamukama aliandika kwamba hitilafu imeondolewa, na kuanzia hapo amri za kambi zilifika Bwera zikiwa na herufi zote.

Jumapili, baada ya kanisa, mwanamke yule wa chai alifika nyumbani kwa Bwambale na cherehani ya mkono kichwani. Aliitwa Akumu. Mumewe, Opio, alikuwa askari wa kambi ile ile, na alikuwa ametolewa kwenye gwaride asubuhi moja kwa sababu ya kabila lake au kwa sababu ya jambo alilosema. Kwa Akumu walikuwa wametoa sababu zote mbili kwa zamu. Askari wenzake Opio walimwambia yuko safarini.

"Nifungie taa hapa," alisema Akumu akiishusha cherehani.

"Mama, mimi ni fundi wa simu. Hapa hakuna hata waya unaofika."

"Niliona ile ya chini ya kofia. Wewe funga tu."

Bwambale alifunga. Waya wa mwisho aliufunga kwenye msumari wa ukutani, kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kuufunga, na ikatosha. Taa ya kijani iliwaka mara moja, kwa muda mrefu, kama mtu anayesukuma mlango wake mwenyewe kwa bega.

"Ndiyo yeye," alisema Akumu. "Hana subira."

Aliibeba cherehani yake kichwani akarudi nayo kambini, ikiwaka.

Baada ya hapo walikuja wengi. Kutoka Kyarumba waliteremka na cherehani vichwani kwa njia za mlimani ambako hata mtu asiye na mzigo hujishikilia. Kutoka Bwesumbu alikuja mzee aliyekuwa hana cherehani, akaleta mashine ya kusagia nyama, nayo ilifaa. Bwambale alipata sifa aliyokuwa akiitafuta maisha yake yote, na aligundua kwamba haimfurahishi. Watu walipoingia sebuleni hawakukitazama cheti. Walitazama mikono yake. Saa za jioni kabla ya giza, ukipita mitaani Kasese uliona barazani taa ndogo za kijani, kila moja na mwendo wake, na wanawake wakipinda suruali na kutia vifungo kando yake. Kambi ilitoa tangazo kwamba haina mtu yeyote wa jina lolote. Wanawake walilisikia, wakaendelea kushona.

Balbu zilikuwa shida kupatikana mwaka ule, kwa hiyo Bwambale alikuwa akimwekea kila mtu moja tu, ya kijani. Tundu la pili aliliacha wazi. Siku moja Akumu alirudi na cherehani yake, na mkononi alikuwa na balbu aliyoitoa kwenye tochi.

"Umeacha tundu moja," alisema.

"Hilo ni la 'Leta,'" alisema Bwambale. "Mama, nikwambie kweli. Halijawaka kwa mtu yeyote. Si Bwera, si hapa, si milimani. Utaipoteza balbu bure, na tochi utaihitaji."

"Nimesikia. Weka."

Bwambale alitaka kumweleza tena, kwa namna ya kitaalamu zaidi, na alikuwa tayari ameinua kidole. Akakishusha. Alichukua kitambaa akaifuta balbu, akaipaka rangi ya manjano kwa brashi ya mwanawe, akaipuliza mpaka ikakauka. Aliikaza tunduni taratibu. Kisha akachukua betri, akagusisha nyaya kuijaribu, na taa ya manjano ikawaka vizuri, ikamwangazia Akumu vidole. Akaitoa betri. Ikazimika.

"Iko sawa," alimwambia.

Akumu alizikusanya nyaya zisije zikaburuta chini, akapiga kata ya kanga, naye Bwambale akamsaidia kujitwisha.